Kuogesha Zege Siku Saba

Rinkeby, Stockholm
Jumamosi, tarehe 4 Julai

Dada yangu mpenzi Concessa,

Kabla ya salamu, tangazo. Kwa heshima na taadhima napenda kukujulisha wewe, majirani zako wa Tabora, na wote wanaonitakia mema, kwamba mimi mdogo wako nimefanikiwa kupata zamu ya Alhamisi jioni katika chumba cha kufulia cha jengo letu. Usicheke. Kuna watu humu wamezaa, wamelea na wameozesha wakiisubiri Alhamisi jioni. Tangu jina langu libandikwe pale mlangoni, mama wa ghorofa ya tatu ananisalimia kwanza yeye.

Sasa salamu. Shikamoo dada. Naomba karatasi hii ikukute cherehani inazunguka na magoti yameacha kulalamika. Sare za shule umeshamaliza, au wazazi bado wanakuletea vitambaa siku ya mwisho? Mimi mwili mzima. Ningesema na roho nayo ni nzima, lakini barua ni ndefu na ungenishika uongo kabla hujafika chini.

Najua umeshangaa kuona karatasi wakati sote tuna simu. Simu hainifai kwa jambo hili. Nyumba tunayokaa na Valéry ina vyumba viwili na ukuta mmoja mwembamba; nikikutumia ujumbe wa sauti, yeye aliyeko jikoni anaitikia kabla yako. Na simu yako wewe inasomwa na wanao wote wawili pamoja na mpangaji.

Ujumbe wako niliupata wiki tatu zilizopita, nikausikiliza kwenye treni nikiwa nimeziba masikio kwa spika za masikioni. Umesema Valéry amekuposa, anakuja mwenyewe kuonana na wazee, na kabla hujamjibu unataka nikueleze mambo matatu. Je, anakunywa? Anakunywa maziwa mgando, lita nzima kwa siku, kama ndama. Je, anasali? Anasali mpaka chakula kinapoa, na akimaliza kwa Kiswahili cha kwao Uvira anarudia kwa Kifaransa, asije Mungu akawa hakuelewa. La tatu ukauliza kama ni kweli alifukuzwa kazi kwa kuharibu bwawa la watu, jinsi Natacha wa kanisani kwetu alivyomsimulia shangazi yake wa huko. Ukasema, na nilikusikia ukikata uzi kwa meno, kwamba marehemu shemeji alikujengea jiko likaanguka kabla halijapikiwa hata chai, na kwamba hutaolewa mara ya pili na mtu ambaye kazi yake inaanguka. Ukamaliza kwa kusema neno langu ndilo litakuwa la mwisho.

Hilo ndilo lililonitia kwenye karatasi.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana nasikia huko mnasema Ernest anajenga mabwawa ya kuogelea. Mabwawa sijengi. Najenga sakafu ya zege inayolizunguka bwawa, pale mtu anapokanyaga na miguu mitupu na kujuta kuvua nguo. Bwawa la huku hufunuliwa mwezi wa sita na kufunikwa mwezi wa tisa. Miezi iliyobaki linalala chini ya turubai kama maiti ya tajiri. Lakini sakafu hailali. Unyevu wa baharini unaingia kwenye vitundu vyake, unaganda, unavimba, unapasua. Tunaweka, baridi inavunja, tunang'oa, tunaweka tena. Bosi wetu Ahmed, aliyeletwa hapa mtoto kutoka Iraki na sasa ana magari matatu, husema baridi ndiyo mbia wake wa kweli, maana haijawahi kuomba likizo ya ugonjwa.

Aliyenifundisha kazi hii ni Valéry. Aliyeniombea nafasi kwa Ahmed ni Valéry. Kitanda ninacholalia ni chake. Huniita bofrere, yaani shemeji kwa Kifaransa chake, tangu siku ile alipochungulia kwenye simu yangu na kukuona unapima suruali ya mtu. Nikamwambia wewe si wa rika lake, akasema hata yeye si wa rika lake mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa kumi tulipata kazi Lidingö, kisiwa cha watu wenye madirisha makubwa, kwa mama mmoja mstaafu aitwaye Bi Gunvor. Sakafu yake ilikuwa imepasuka hata konokono wana njia zao. Valéry, aliyekuwa msimamizi wetu, alimwambia Ahmed msimu umekwisha, tusubiri mwezi wa tano. Ahmed akajibu kwamba mteja hasubiri mwezi wa tano, mteja hutafuta fundi mwingine. Basi tukang'oa. Tukaweka kokoto za kupitisha maji, tukatandika povu gumu la kuzuia baridi, tukalaza wavu wa nondo, tukamwaga. Valéry alilisawazisha zege lile kama mtu anayempakia askofu siagi kwenye mkate, likainama kidogo tu kulipa bwawa mgongo, halafu akalipitishia ufagio ili lisiteleze. Mwisho akalifunika kwa nailoni, na juu yake mablanketi mazito ya ujenzi. Akatutangazia vibarua wote, yaani mimi peke yangu, kwamba mtoto amelala na asiguswe mpaka siku ya nane. Bi Gunvor akafunga nyumba akaenda zake Hispania, anakokimbilia kila mwaka majani yakianguka.

Mwezi wa nne theluji ikayeyuka, mama akarudi, simu ikalia. Tulipofika, uso wa sakafu ulikuwa unabanduka kama sangara aliyeparwa nusu. Ahmed akapiga teke, kipande kikaruka kikatua juu ya turubai la bwawa. Akasema kwa Kiswidi maneno ambayo Kiswahili hakiyahitaji. Akamwuliza Valéry alizidisha maji kiasi gani kwenye zege. Valéry akasema hakuongeza hata tone. Akamwuliza mablanketi aliyaondoa lini. Akasema siku ya nane. Ahmed akamwuliza kama basi zege limejikuna lenyewe. Hapo Valéry akanigeukia, akanitaka kwa jina la Mungu niseme nilichoona. Nikasema ni kweli, hakuongeza maji, na mablanketi aliyaondoa siku ya nane. Sentensi mbili, dada, na zote za kweli. Nikaishia hapo.

Ahmed akamfukuza mbele ya Bi Gunvor, huku mama wa watu akishika kikombe chake cha kahawa na kutazama baharini kwa adabu. Kisha akanirushia mimi funguo za gari. Tangu siku hiyo msimamizi ni mimi.

Valéry hakunikasirikia. Ndilo tatizo lake. Alipata kazi ya kupakia mikate kwenye malori huko Upplands Väsby, na kila jioni nikirudi nimechoka ananipakulia maharage, anageuza karatasi ya matangazo ya duka na kuchora ile sakafu kwa kalamu ya risasi. Ananiuliza: kokoto zilikuwa na vumbi? Au lori la zege lilichelewa kwenye foleni? Au ni ufagio, bofrere, niliupitisha mapema? Miaka kumi na tisa, dada, mtu ameweka sakafu katika nchi hii, na sasa anaikagua mikono yake kama mtu aliyerudishiwa chenji isiyotimia. Mwezi uliopita Ahmed mwingine, mwenye kampuni ya huko Sundbyberg, alimwita akamsimamie kazi. Valéry alikataa. Alisema hawezi kwenda kuharibu cha mtu mwingine kabla hajajua anaharibu vipi. Nami nikaendelea kula maharage.

Mwezi wa tano nilitumwa kuing'oa sakafu ile na kuiweka upya, mimi na mashine ya kupasulia, siku sita. Chini zege lilikuwa zima, gumu kama deni la ukoo. Ni ngozi ya juu tu iliyokufa. Na haikufa yote. Kona moja, nyuma ya ngazi ya bwawa, chini ya ukingo wa paa la chumba cha mvuke, ilikuwa safi, mistari ya ufagio wa Valéry inaonekana kama imechorwa jana. Nilizima mashine nikakaa juu ya ndoo. Ile kona naijua. Ni mahali ambapo mkono wangu haukufika.

Dada, unamkumbuka baba. Unakumbuka alivyotutoa kitandani kule Ulyankulu kubeba maji ya misingi ya watu, asubuhi na jioni, akisema zege ni kichanga, lisipoogeshwa siku saba linakufa kwa kiu. Wewe ulibeba ndoo, mimi kopo, na malalamiko. Hakuna msingi wa baba uliowahi kupata ufa. Basi nilipoona Valéry amefunika zege lake kavukavu na kuondoka, nikasema moyoni huyu ni fundi mzuri aliyesahau jambo moja, na ni mkubwa wangu, nitamkumbushaje bila kumvunjia heshima? Nikaamua kumsitiri. Siku nne mfululizo nilikwenda kule asubuhi peke yangu, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, nikayafunua mablanketi pamoja na nailoni, nikaliogesha lile zege kwa kopo la Bi Gunvor la kumwagilia maua. Jumapili nikayaacha yamekunjwa pembeni ili lipumue, nikaenda kanisani na amani ya mtu aliyetimiza wajibu. Usiku ule baridi ikashuka hadi nyuzi nane chini ya sifuri. Jumatatu nilipoyarudisha mablanketi kabla Valéry hajatokea, zege liling'aa kama kioo. Nilidhani ni afya, kumbe ni barafu.

Alichotufundisha baba kilikuwa sawa, ila kilikuwa cha Ulyankulu. Siku ile Ahmed alipopiga teke, sikuwa na hakika. Nilikuwa na shaka tu. Lakini shaka nayo ina mdomo, na mimi niliuziba. Kibali changu cha kazi kimeandikwa jina la kampuni ya Ahmed. Nikifukuzwa napewa miezi michache, kisha uwanja wa ndege. Nikimwambia Valéry, naamka kwenye kitanda cha nani? Na kila siku niliyonyamaza iliikaza kamba, hadi leo natembea na funguo za gari alilokuwa akiliendesha yeye, ziko mfukoni zikinipiga paja. Nimejaribu kumwambia mara nne. Mara ya nne nilifika mpaka "Valéry, kuhusu ile sakafu", akaniwekea mkono begani akasema nisijali, nilisema ukweli, hakutegemea ndugu aseme zaidi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hapana. Kazi ya Valéry haikuanguka. Niliiangusha mimi, kwa nia njema na kopo la maua. Ukimkataa, mkatae kwa maziwa yake au kwa sala zake. Kwa sakafu usimkatae.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Anaondoka Alhamisi. Nimeizungushia utepe wa gundi mara tatu, naye ataiweka ndani ya Biblia yake. Anadhani nimemsifia, na sikumkatalia. Ukiisoma mbele yake au ukiificha chini ya cherehani, nakuachia wewe mkubwa. Najua ni ujanja. Ila usimwache arudi huku akiwa bado hajui mikono yake ni mizima.

Mimi nami nimeamua. Jumatatu asubuhi nitakwenda ofisini, nitaweka zile funguo mezani kwa Ahmed, nitamweleza kila kitu kama nilivyokueleza, halafu kitakachokuja kije. Nimeshanyoosha na shati.

Wape wanao salamu zangu, na mpangaji pia, kwa kuwa hatazisoma kwenye simu safari hii. Mama Kelly wa mtaa wa pili mwambie viatu vya mjukuu wake vimo kwenye sanduku la Valéry, namba ni ile aliyotaja. Ubaki na Mungu, na magoti yako uyapake yale mafuta.

Ni mimi mdogo wako mtiifu kwa kuchelewa,
Ernest Ndayisaba

Nyongeza: Kampuni ilifunga jana saa tisa kwa likizo ya kiangazi. Ahmed yuko Ugiriki na familia yake. Ofisi itafunguliwa tarehe 3 Agosti.