Mpishi Asiyeonja

Jumatatu, 3 Juni

Nimewasha moto, nimechambua maharage, nimebandika supu. Wachimbaji wa maduara yote matatu ya dhahabu wamekuja kula mchana. Mimi uji mwepesi kikombe kimoja asubuhi, kipande cha papai jioni. Ni wiki ya tano.

Nilipokwenda kununua unga nikapanda mizani ya magunia. Kilo kumi na mbili zimeondoka. Gauni alilolipenda marehemu mume wangu, Mwita, linaning'inia kama limeanikwa.

Bado naogopa. Mwita alianguka uani na ndoo ya maji mkononi. Ndoo haikumwagika yote. Wakasema presha. Mwezi mmoja baada ya mazishi nesi wa zahanati akanipima, akasema hata yangu iko juu, nipunguze mwili. Mwanangu Robi yuko kidato cha pili, shule ya Issenye. Nikianguka na mimi, atabaki na nani?

Jumatano, 5 Juni

Maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia, nikiwa nasonga ugali. Yakapita. Nadhani ni njaa.

Wachimbaji wananitania. Marwa ameuliza kama najikondesha ili niolewe tena. Nikamjibu ni nani ataoa masizi haya. Wakacheka. Chacha hakucheka. Ndiye msimamizi wa duara la juu, na kijiko chake kilikuwa hakijagusa supu.

"Mama Robi, siku hizi hatukuoni ukila."

Nikasema nimeshiba. Sijui kwa nini nilidanganya.

Mwita alipenda ukoko wa ugali. Nilikuwa namkwangulia, anauvunja vipande viwili, kikubwa ananipa mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Vijana wawili wa duara la Chacha wanatapika tangu jana. Walikula kwangu. Walikula na kwingine, lakini hilo halisemwi.

Leo nusu ya chakula imebaki. Nyangi, ambaye napika naye, ameyasikia kisimani. Kwamba mjane yule hali chakula anachopika. Kwamba anakonda kila siku. Kwamba mganga amempa masharti asionje mpaka kazi yake iishe. Kazi gani, hakuna anayesema. Tangu rashi ya dhahabu ianze wamejaa hapa watu wa kila upande. Hawakumjua Mwita. Hawanijui mimi.

Nimewaza kuwaambia ukweli. Lakini watu wanaoshinda shimoni na njaa, ni yupi ataamini kwamba mtu anajinyima mwenyewe na sufuria limejaa mbele yake?

Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo. Mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni akimwona, ndipo mgeni anapokea. Kila mtu hapa Matongo analijua hilo. Nimelisahau mimi. Wiki tano chumvi naipima kwa kiganja, sitii hata tone mdomoni, kwa kuogopa kwamba nikionja nitakula.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nimekuta jiwe limetoboa bati la kibanda. Nyangi amesema tufunge, twende kwa dada yake kule Mbalibali mpaka wasahau. Nikifunga watasema nimekimbia.

Ubavu umeuma tena. Nimeshindwa kunyoosha mgongo.

Robi asijue.

Jumanne, 11 Juni

Naandika nikiwa kwenye kitanda cha hospitali, Tarime.

Jana mchana Chacha alikuja na watu wake wote. Hawakukaa. Akanisalimia shikamoo, kama kawaida. Akachukua bakuli, akachota supu mwenyewe, mafuta yakielea juu, akaniwekea mbele.

"Leo tutakula, mama. Ila uanze wewe."

Nikala. Walikuwa wamenizunguka. Nilikusudia kijiko kimoja, nikamaliza bakuli. Ilikuwa tamu. Naona aibu kuandika hivi, lakini nililia kwa utamu. Nikaongeza kipande cha nyama ya mafuta. Wakaanza kukaa, mmoja mmoja. Nikajua yamekwisha.

Hata kabla ya kuwagawia wote yakanishika. Chini ya mbavu, yakapanda mpaka bega la kulia, kama mtu ananikamua kwa ndani. Nikaanguka. Nikatapika mbele ya sahani zao.

Nikasikia, "Sumu imemrudia." Mwingine akataka kibanda kichomwe. Miguu ikanisogelea. Naikumbuka miguu tu, buti na makobazi, yote yana vumbi la mawe. Nikawaza, nitakufa uani kama Mwita, ila mimi nitakufa nikiitwa mchawi, na Robi ataambiwa hivyo mpaka azeeke.

Nyangi akavuka juu yangu. Akachukua upawa, akachota kwenye sufuria lile lile, akanywa. Akachota tena. Aliwaangalia machoni, anatafuna. Miguu ikarudi nyuma.

Chacha ndiye aliyeita bodaboda. Akanipakia katikati, yeye nyuma, akanishika nisianguke. Si kwa huruma. Aliwaambia wenzake anataka kusikia kwa masikio yake, kutoka kwa daktari, kilichomo tumboni mwangu.

Jumatano, 12 Juni

Wamenipima kwa ile mashine ya picha, ya kupaka mafuta ya baridi tumboni. Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa dada wa Robi. Hakuniuliza nimekula nini. Aliuliza nimekonda kilo ngapi, kwa wiki ngapi. Nilipomwambia aliweka kalamu chini.

Nina mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ameeleza polepole. Mtu akikonda haraka, ini linamwaga mafuta mengi kwenye nyongo. Na mfuko wenyewe, mtu asipokula, haupati sababu ya kujikamua. Nyongo inakaa humo, inakuwa nzito, inafanya vijiwe. Nilipokunywa ile supu mfuko ukajikamua kwa nguvu, jiwe likaziba njia.

Chacha alikuwa kwenye benchi, kofia mapajani.

"Kwa hiyo si chakula chake."

"Ni kukosa chakula," daktari akasema.

Chacha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa amenunua maji ya chupa. Akayafungua kizibo, akanywa funda moja nikimwona, ndipo akanipa.

Yule nesi wa zahanati alisema nipunguze kidogo kidogo. Alilisema neno hilo mara mbili. Nilisikia kupunguza tu. Hofu ilikuwa imeziba masikio.

Wataniondolea mfuko huo. Nimepewa tarehe 27. Sijawahi kupasuliwa. Naogopa kulala nisiamke.

Jumatatu, 24 Juni

Nimerudi jikoni tangu Jumamosi. Nyangi anainua masufuria, mimi nakaa.

Wale vijana wawili wamepona. Marwa ametaja mwenyewe kwamba walikunywa maji ya shimoni siku ile, na kwamba alijua. Nimempa sahani yake kama wengine.

Mafuta sili. Nakula ugali kidogo, maharage, mchicha. Kidogo, lakini kila siku, mara tatu, kama alivyosema daktari. Kigoda nimekitoa mbele ya kibanda wanione. Leo Chacha alisimama na sahani yake mpaka nilipomeza tonge la kwanza. Kisha akakaa.

Robi anakuja keshokutwa. Nimemwambia kwa simu. Akauliza kama nitahitaji kanga mpya za hospitalini. Nikasema za zamani zinatosha.

Bado siku tatu. Usiku wa kuamkia Alhamisi sitakula, hilo wameniagiza.

Jioni nimekwangua sufuria la ugali. Ukoko umetoka mzima, duara safi. Nimeuvunja vipande viwili, mkono ulijiendea wenyewe. Nimekaa navyo kidogo.

Nimekula vyote viwili.