Salamu za Dada

Kwako Bibi yangu kipenzi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Itikia ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na najua magoti yako hayapendi kusimama. Yanaendeleaje hayo magoti? Na kile kikohozi cha alfajiri, kimepungua? Sisi huku wote watatu tu wazima wa mwili, chakula kinapita na usingizi tunaupata. Nasema wa mwili kwa sababu mengine utayasikia huko mbele. Tafadhali isome mwenyewe kwa miwani yako. Usimpe Mjomba akusomee, yule husoma barua kama anatangaza mpira, na kabla hajafika mwisho mtaa mzima unajua umefungwa bao.

Nianze na mazuri, maana wewe ndiye uliyeniita Chiriku, na chiriku akinyamaza ujue kapaliwa. Bibi, nina furaha! Nimeolewa na mwanamume ambaye nikisikia hatua zake kwenye ngazi naacha sufuria motoni na kwenda kusimama mlangoni kama askari wa gwaride. Ulimi bado unateleza, namwita Shemeji mbele za watu, halafu tunacheka wote wawili mpaka machozi. Siku ya harusi ulisema nimekupora mume wako na utakuja kumdai. Njoo tu, lakini simrudishi ng'o! Wewe ndiye uliyetulea mimi na marehemu Dada, kwa hiyo ni wewe peke yako ninayeweza kukwambia bila haya: sikuolewa na mume wa Dada yangu kwa sababu wazee walisema ni heri mtoto alelewe na mama yake mdogo. Niliolewa naye kwa sababu akinitazama nasahau nilichokuwa nasema, na unajua mimi si mtu wa kusahau ninachosema.

Tunakaa ghorofa ya nne. Lifti ipo, lakini ni mbovu tangu tufike, na mume wangu, fundi wa lifti mzima, haruhusiwi hata kuigusa, kwa sababu jengo hili lina kampuni yake ya matengenezo. Basi mchana kutwa anawapandisha watu wengine, jioni anapanda kwa miguu na mfuko wa unga begani. Nilimwambia kinyozi hajinyoi, akanijibu kwamba huyu kinyozi amefichwa wembe. Vyumba ni viwili, na jiko ni dogo kiasi kwamba wakiingia watu wawili lazima mmoja awe amemkumbatia mwenzake. Sisi hatujalalamika. Chumba chetu alikipaka rangi mwenyewe, rangi ya kiini cha yai, akaacha kipande nyuma ya mlango ili nichore ninachotaka. Nilichora moyo. Usinicheke, Bibi.

Mimi nami nimepata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, kukunja mashuka. Tunakunja wawili wawili. Mwenzangu ni mama mmoja mnene, mcheshi, hajui neno letu hata moja na mimi lake silijui, lakini shuka lina lugha yake: anavuta, navuta, tunakutana katikati, tunaachana. Nikikosea ananipiga na foronya mgongoni na kucheka. Maneno yangu ya kwanza ya lugha ya huku ni vuta, kunja na pole.

Sasa nije kwa Kipusa wetu. Amerefuka, jino la mbele limeng'oka, na lugha ya huku anaimeza kama maji. Shuleni ana rafiki wa kugombana naye na rafiki wa kupatana naye, na wakati mwingine ni huyo huyo mmoja. Ukimwona akicheza uani utasema hana shida duniani.

Lakini unakumbuka, Bibi, kesho yake baada ya mazishi, alipoamka na kuanza kumtafuta mama yake chini ya kitanda? Ulimpakata ukamwambia mama amekwenda nchi ya mbali kusuka nywele za watu wa huko, akimaliza atarudi. Hakuna aliyekupinga. Sote tulikuwa tumechoka kulia, na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka mitatu tu. Kila mtu kwetu angesema vile, mtoto haambiwi kifo. Na Dada alikuwa msusi kweli, mikono yake watu waliigombea, kwa hiyo uongo ule ulimkaa mtoto vizuri kama kiatu cha saizi yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba siku moja na sisi tungepanda ndege kwenda nchi ya mbali.

Tulipotoka tu uwanja wa ndege, pale watu wanaposimama kupokea wageni, Kipusa alizitazama nyuso zote, moja baada ya nyingine. Nilidhani anashangaa mji. Ndani ya teksi akamwuliza baba yake, kwa kunong'ona, kama mama anajua kwamba tumefika. Baba yake akageukia dirishani, akasema mji huu ni mkubwa sana.

Tulipomaliza kupanga vitanda, alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba chetu, mikono kiunoni kama wewe ukikagua vyombo vilivyooshwa na mtu mwingine. Akaniuliza, Mama mdogo, mama akija wewe utalala wapi? Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mwenye nyumba anayepangia wageni. Nikamwambia nitalala na yeye. Akafikiri, akasema sawa, ila nisikorome.

Kwenye kona ya mtaa wetu kuna saluni ya kusuka. Tukipita pale ananivuta, anabandika uso kwenye kioo mpaka kinafuka mvuke. Jumamosi moja nikiwa nachagua vitunguu dukani, nikageuka, mtoto hayupo. Bibi, nilipiga mbio sijui nilivyovuka barabara. Nilimkuta mle saluni, anapita taratibu katikati ya viti, na wale wasusi wanamchekea. Hakuwa akiwatazama usoni. Alikuwa akitazama mikono yao. Nikamwuliza nje kwa nini. Akasema sura ya mama amesahau kidogo, lakini mikono anaijua.

Usiku wa siku hiyo nilimwambia mume wangu kwamba imetosha, tumwambie. Yeye ni mtu wa kunisikiliza, Bibi, hata nikizungumzia rangi ya vifungo anasikiliza. Lakini hapo nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Alisema mtoto husahau mwenyewe, tumwache. Akainuka kwenda kuangalia bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Halafu siku moja mashine za kufulia ziliharibika tukaruhusiwa mapema. Jua lilikuwa bado dirishani, maana msimu huu huku linachelewa kuzama. Niliingia polepole, viatu mkononi, nikitaka kuwashtua kwa utani. Mume wangu alikuwa chumbani anamlaza Kipusa. Nikamsikia anamwambia kwamba mama anamsalimu. Kwamba leo mama kasuka mteja mwenye nywele za kufika kiunoni, vidole vimemuuma, na amesema Kipusa ale vizuri na asimsumbue mama mdogo. Akaiga hata ile "we!" ya Dada, ile ya kupandisha sauti mwishoni kama mtu aliyekanyagwa. Mtoto akacheka, akaomba tena, akaigiwa tena. Na yeye mwenyewe akacheka kicheko ambacho mimi sijawahi kumchekesha. Nikajua si mara ya kwanza. Nikajua ndiyo maana jioni anapenda kumlaza yeye mwenyewe.

Bibi, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikuona wivu. Ningeona wivu ningejua la kufanya, ningenuna, angenibembeleza, yangekwisha. Nilibandika sikio kwenye ule mlango nikisubiri kusikia kama Dada ametuma na salamu zangu.

Hakutuma. Nikarudi ngazini, nikakaa chini mpaka nilipoweza kuingia upya kwa kelele.

Pale ngazini ndipo nilipoamua. Niliona kwamba huyu mume wangu hatamwambia kamwe, kwa sababu akimwambia mtoto, na yeye ndipo atakapokuwa amefiwa. Na Kipusa atakua akitazama mikono ya watu. Jumapili iliyofuata nilimtoa matembezi, tukakaa kwenye benchi karibu na kituo cha basi. Sikuzunguka. Nilimwambia mama yake amekufa, aliugua, hasuki tena popote, hayupo mji huu wala mji mwingine. Nikamwambia tulimzika kwa Bibi, upande ule wa nyuma ambako alikuwa akikatazwa kukimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho, miguu inaning'inia. Akasema: Muongo wewe. Bibi hasemi uongo. Akashuka kwenye benchi, akatangulia mbele yangu njia nzima na ngazi zote, hakutaka nimshike mkono.

Baba yake alikuwa anakaza bawaba za kabati. Kipusa akamwuliza, wima, mbele yangu, kama ni kweli. Mume wangu akaweka bisibisi chini. Akafungua mdomo, kisha akalia. Bibi, hata makaburini hakulia yule, unakumbuka watu walivyomsema. Alilia akiwa amekaa sakafuni na skrubu mkononi. Kipusa akanitazama, akaniambia nimemliza baba.

Mume wangu hakunigombeza. Hajanigombeza mpaka leo. Tulipokuwa tunaosha vyombo ndipo alipozungumza, na alisema neno moja tu: ungeniachia kidogo. Nimeligeuza neno hilo kazini kila nikishika shuka, sijaona pa kulikunjia. Bado ananiletea mkate wa moto akitoka kazini, bado ananifunika nikipitiwa na usingizi kwenye kiti. Lakini jioni anakaa pembeni ya kitanda cha mtoto, wote wawili kimya, hana salamu za kumpa. Mimi ndiye niliyezikata. Nampenda, Bibi. Nampenda kuliko siku ya harusi, na siku hizi nampenda kwa kupita kimya mbele ya ule mlango.

Sasa ombi langu. Kipusa amemwambia baba yake kwamba ataamini Bibi akisema. Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ikilia anaidaka yeye, na nikiishika mimi anabana sikio lake upande wa pili. Tutakupigia kwenye simu ya Mjomba Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, barua hii itakuwa imefika. Nakuomba umwambie. Usimwambie mama amelala. Usimwambie amekwenda kusuka malaika, maana huyu mtoto atatazama juu mpaka shingo imkatike. Mwambie amekufa, na kwamba wewe ulikuwepo. Akikuuliza kwa nini ulimdanganya, mwambie ulivyoona moyoni siku ile, hata kama ni kwamba hukuwa na nguvu. Sikulaumu, Bibi, hata kidogo. Sote tulikuwa mle ndani tukanyamaza. Najua nakuomba umzike mjukuu wako mara ya pili, na mimi sipo karibu kukushika.

Leo asubuhi nilikuwa nimepiga magoti namfunga kamba za viatu aende shule. Tangu siku ile ya benchi alikuwa hajaniambia zaidi ya naomba maji. Akaweka mkono kichwani kwangu ili asianguke, akasema Bibi akisema ni kweli, basi na mimi siku ya kwenda nimwambie. Nikamwuliza kwenda wapi. Akasema popote, ila nisiende yeye akiwa amelala.

Unajua, Bibi, kwamba Dada alipochukuliwa kwenda hospitali yeye alikuwa amelala, na tukasema tusimwamshe.

Nilimfunga kiatu cha pili. Nilimwambia nitamwamsha. Akasema hata kama ni usiku? Nikasema hata kama ni usiku.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia wasalimie pia, wasije wakasema nimepata ng'ambo nikawasahau. Mumeo anakupa shikamoo na anasema yeye ni wako bado. Kwa Dada usinifikishie chochote. Nikija nitakwenda mwenyewe upande ule wa nyuma, nina mengi ya kumwambia na mengine ya kumwomba.

Ni mimi mjukuu wako,
Chiriku