Inzi Waliokimbia Ndizi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumai barua hii inakukuta umekaa, hujapanda kigoda kupangusa madirisha, maana nakujua. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Chumba ni kile kile, kitanda kimoja, kikombe kimoja. Redio naiacha ikiongea mchana kutwa ili nikifungua mlango jioni nikute sauti ya mtu.

Uliniuliza kazi yangu ni ipi hasa. Usicheke, Mama. Nafuga inzi. Wale wadogo wanaozengea ndizi zilizoiva, uliokuwa ukiwafukuza kwa kitambaa cha jikoni. Umejinyima ukanisomesha, na mwanao analipwa kuwalisha! Kichwa chao hakifiki hata punje ya mtama, lakini ndani mna seli za ubongo tele zinazopashana habari. Sisi tunachukua seli mbili zisizojuana kabisa, tunazitilia kiungo kipya tangu inzi akiwa yai, kinachoanza kazi akishaota mabawa, halafu tunatazama tabia yake itageukaje. Ndivyo tunavyojua ipi inafanya kazi gani.

Safari hii tuliunganisha seli inayonusa tunda na ile inayomwambia inzi akimbie hatari. Tulifaulu. Walinusa ndizi wakatimka kama wameona moto. Mkuu wa maabara alifurahi mno, akaniambia nikapumzike siku mbili. Nikawarudisha inzi kwenye chupa zao, nikaenda zangu.

Niliporudi, loo! Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba chakula chao chenyewe tunakipika kwa ndizi. Niliwakuta wamejazana juu kabisa, kwenye kizibo cha pamba, wengi wamekufa njaa na chakula kipo pale chini. Mkuu akasema ni inzi tu, tutazalisha wengine. Mimi niliwanywesha waliobaki maji ya sukari kwa ncha ya brashi, machozi yakinitoka. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kulikoni, nikamwambia ni mafua.

Hayakuwa mafua, Mama. Nilijiona mimi. Tangu asubuhi ile uliponipigia kunieleza kwamba Baba hatunaye, simu yako ikilia moyo unanilipuka. Huwa nakuandikia kwamba nilikuwa kazini, mara mtandao mbovu, mara chaji imeisha. Uongo mtupu. Nakaa kitandani naitazama ikilia mpaka inyamaze, na hakuna sauti ninayoitamani duniani kama yako. Hata sijakuuliza unalalaje peke yako kwenye nyumba ile. Nisamehe, mama yangu.

Wale inzi hawana la kufanya, ndivyo tulivyowaunda. Mimi angalau naweza kujaribu.

Nisalimie shangazi, na yule jirani fundi cherehani, mwambie gauni lake bado linanikaa vizuri ingawa nimekonda. Na wewe nipigie Jumapili, ukishamaliza kufua. Nitapokea. Ukisikia kimya, usikate, Mama. Nitakuwepo hapo hapo, nakusikiliza.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba