Mkono Juu Mlangoni

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimemharibu mwanangu mwenyewe. Mimi ni mpiga pasi kwa dobi, nchi hii tulihamia mwaka juzi, na binti yangu wa miaka minane nilimlea nilivyolelewa, mkubwa akisema inamisha macho, mwenzako akikosea usimwaibishe, basi mwezi uliopita mwalimu wake akaniita akasema mtoto hajibu maswali, hamtazami mtu usoni, huenda ana kasoro, atarudia darasa, nami nikajibu "sawa mwalimu, asante mwalimu" huku nikiangalia viatu vyangu. Njiani nikamuuliza mtoto, kwani jibu hukulijua? Akasema, "Nililijua mama, lakini jirani yangu wa dawati alikuwa ameshakosea, alikaribia kulia." Badala ya kumkumbatia nikamfinya, nikamwambia kuanzia leo nyoosha mkono, kaza macho, na kila jioni tukawa tunafanya mazoezi. Sasa ananyoosha mkono nyumbani, akitaka maji, akitaka choo, anasimama mlangoni kimya akinikodolea macho mpaka nimruhusu, na jana alijikojolea mkono ukiwa juu, mimi nimempa mgongo napiga pasi nguo za kazini. Shuleni anamkazia mwalimu macho lakini bado hasemi, na mwalimu sasa anasema ana kiburi. Nikimwambia "ongea mwanangu" ananiuliza, "Kama nyumbani au kama shuleni?" Nimwambie ipi?

Mpiga pasi

Mama, pole, na sasa nikukaripie. Umemnyoosha mtoto kama shati, ila shati halijikojolei kwa hofu. Mtoto aliyemeza jibu ili mwenzake asilie ameitwa mwenye kasoro, na mwalimu angejuaje ukweli, ikiwa aliyejua mtoto alivyolelewa alikuwa anakagua viatu? Aliyetakiwa kunyoosha mkono siku ile ni wewe.

Kesho omba ruhusa kazini, umwone mwalimu kabla ya kengele, umsimulie kisa cha yule jirani neno kwa neno. Macho yako yatazame popote, hata viatu, mradi mdomo ufunguke. Mwombe amuulize binti pembeni, si mbele ya darasa. Mazoezi ya jioni yamekwisha, na mtoto umwombe radhi.

Siwezi kukuahidi kwamba atarudi alivyokuwa. Alama ya pasi iliyounguza unaijua kuliko mimi. Akinyoosha mkono usimwambie ashushe, atadhani amekosea tena, mpe maji. Na hiyo meza ya pasi, igeuze leo hii ielekee mlangoni.