Saa Niliyoapa

Shambani, Texas
Jumapili alasiri

Kaka yangu Royce,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba huko kwenye visima vya mafuta mgongo umepunguza kukusumbua. Mama presha imeshuka kidogo. Baba anakula, ingawa hatoki tena kwenda mitini. Mimi sijarudi chuoni. Mwalimu wangu wa sheria ya jinai ameniandikia mara mbili na sijamjibu.

Umeshasikia kwamba baraza la raia kumi na wawili limekataa kumshtaki Baba. Nikueleze vizuri, maana kwenye simu Mama hulia tu. Hapa kwetu mtu akikuibia mchana, huna ruhusa ya kumuua kwa ajili ya mali. Akikuibia usiku, nawe ukaamini kwa haki kwamba mali hiyo hutaipata kwa njia nyingine, sheria inakukinga. Eusebio Trejo, yule aliyekuwa akitutikisia miti ya pekani kila mavuno ili kokwa zianguke, hadi Baba aliponunua mashine, alikutwa mtoni na gunia la pekani zetu. Nilikuwa nimempelekea Baba kahawa, kwa hiyo shahidi ni mimi peke yangu. Niliapa kwamba Baba alimfyatulia bunduki saa kumi na mbili na dakika tano, giza limekwisha kuingia. Baraza halikukaa hata nusu saa.

Watu wamefurahi, Royce, hadi inatia aibu. Akina mama wa kanisani walituletea mikate saba mitamu, yote ya pekani. Sherifu, mkuu wa polisi wa hapa, alimpiga Baba begani akamtania kwamba mwaka huu hata kunguru watahama shamba lake. Jirani yetu Dub Harkey akadakia kwamba ataibandika picha ya Baba langoni kwake, maana mbwa anakula sana na picha haili. Wakacheka. Baba akatazama viatu vyake. Nawe ulimwambia kwa simu, “Safi sana, mzee, wakome!” Sikulaumu. Uliamini nilichoapa.

Jumatano nilikutana na Ofelia, mke wa Eusebio, kwenye duka la nyama. Nilidhani atanitemea mate. Aliniita binti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mumewe alisema neno lolote. Nikamjibu hapana, mama, alikufa papo hapo. Akanishukuru, akasema basi hakuumia.

Sasa sikiliza, kaka. Baba alifyatua saa kumi na moja. Jua lilikuwa bado kwenye matawi. Niliona hata kiraka cha kijani kwenye goti la Eusebio. Alikuwa ameshaweka gunia chini na kuvua kofia, anacheka kwa haya, akisema, “Bwana Weldon, si nimeokota hizi za chini tu.” Baba alikuwa amechoshwa na wezi msimu mzima, na kidole kikamtangulia. Mara hiyohiyo akatoa simu aite gari la wagonjwa.

Nilimnyang'anya. Yeye ile sheria hakuijua. Mimi nilikuwa nimeifanyia mtihani wiki mbili kabla, na nilifaulu. Nikamwambia tukipiga sasa ni jela, tukingoja giza ni usiku. Tukakaa kwenye majani zaidi ya saa nzima. Kwa sehemu kubwa ya muda huo Eusebio alikuwa hai. Aliniita kwa jina langu, akaniomba nimpigie Ofelia. Simu ilikuwa mkononi mwangu.

Nimejaribu kujiambia kwamba nilimwokoa baba yetu. Lakini Baba, kwa akili yake mwenyewe, alitaka kuita msaada. Aliyekataa ni mimi.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa Ofelia kwanza, kisha kwa mwendesha mashtaka. Baba nitamwambia leo, baada ya chakula. Najua wanaweza kuifungua kesi upya, na mimi nitakuwa ndani yake. Nakuomba uombe ruhusa kazini uje, kwa sababu Mama hataiweza nyumba hii peke yake.

Msalimie shemeji Darlene. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mengine watayasikia wakikua.

Ni mimi mdogo wako,
Leta