Mama Mdogo wa Chiriku

Nyumba ya Makimbilio,
S.L.P. 73.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Baba Mdogo naye mfikishie shikamoo yake, kama hajasinzia mbele ya redio. Goti lako linaendeleaje? Usinijibu "sijambo" ya kunifunga mdomo. Mwambie mdogo wangu aniandikie ukweli. Sisi huku tu wazima, ila kazi haiishi.

Najua umenuna. Miezi mitatu sijakuandikia, na sina udhuru. Kila niliposhika kalamu kuandika "Mama Mdogo", mkono uligoma. Leo nataka nikueleze kwa nini.

Kuna binti hapa ambaye mpishi wetu amempachika jina la Chiriku kwa utani, kwa sababu ni nadra aseme. Tulimtoa, tukiwa na polisi, katika nyumba moja yenye maua mazuri getini, alikokuwa akifanyishwa kazi bila mshahara na kufungiwa stoo kila jioni. Hapa kwetu ufunguo wa chumba chake anakaa nao mwenyewe. Hata hivyo bado anaomba ruhusa ya kunywa maji. Mpishi humwambia, "Maji ya bomba hayana mwenyewe, kunywa mpaka uogelee!" Naye hunywa huku akimtazama usoni.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hamwiti mtu dada, wala mama, wala anti. Mimi ananiita "wewe". Iliniuma, sikufichi. Kumbe aliyemuuza ni mama yake mdogo, tumbo moja na marehemu mama yake. Alimchukua akimwita "mwanangu", akamnunulia viatu, akamfikisha mlangoni kwa watu, akapokea bahasha na kuondoka zake.

Kesi ya huyo mama yake mdogo ilipokaribia, wajomba zake walikuja. Watu wa heshima, sauti za upole. Wakasema damu nzito kuliko maji, mambo yaishe nyumbani. Na akithubutu kusimama mahakamani, asibishe tena mlango wa mtu yeyote katika ukoo. Nilitamani kuwatoa kwa ufagio. Lakini uamuzi ulikuwa wake, na bila ushahidi wake kesi ingekufa.

Alhamisi alisimama mahakamani. Wakili wa yule mama akamuuliza kama kuna mtu aliyemburuta kutoka kwao. Akasema hapana.

"Basi si ulikwenda kwa miguu yako mwenyewe?"

Chiriku akasema, "Nilikwenda kwa sababu ni mama yangu mdogo. Angekuwa mgeni, ningemfuata?"

Wakili akaketi. Hukumu itasomwa mwezi ujao. Yule mama alikuwa akilia kizimbani, na nilimchukia, halafu nikamwonea huruma, halafu nikajichukia kwa kumwonea huruma.

Tuliporudi, Chiriku alikaa jikoni akasema, "Sasa sina mtu." Mama Mdogo, wewe unanijua nilivyo na mdomo. Kwenye mikutano hunyamazishwa kwa kengele. Siku hiyo nilivuta kigoda tu, tukamenya viazi.

Baadaye akaniuliza kama nami nina mama mdogo. Nikamweleza habari zako: unavyokoroma, unavyoficha sukari na kusahau ulikoificha, ulivyonichukua mama alipolazwa ukanilea hadi nikamaliza shule. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hakutaka kitu kwako?"

Nikamwambia hukutaka. Akauliza tena.

Nisalimie Bibi, umwambie dawa asiwape kuku. Nisalimie mapacha wa kaka, na jirani yako mshona viatu. Mola awape afya na usingizi mtamu, awalinde wote wanaolala chini ya paa lenu.

Chiriku amejua kwamba nakuandikia. Ameomba nikufikishie salamu zake, ila nisiandike shikamoo, wala mama, wala jina lolote la kukuita. Nazileta kama alivyonipa: anakusalimia.

Tafadhali mjibu. Na wewe usimwite mwanangu. Mwache alichague mwenyewe neno, hata likichukua miaka.

Mimi niite. Bado ni

mwanao akupendaye.