Coolidge Aliapa Mara Ngapi?

Vermont, 9 Julai 1984

Mwanangu Thirza,

Hujambo huko Boston? Mimi mzima, goti tu linasumbua, lakini kuni napasua kuwapita vijana wote wa hapa. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Tarehe nne tulikutana ukumbi wa kanisa, kama kila siku ya kuzaliwa kwa Rais Coolidge. Mwuliza maswali ni mimi, mwaka wa kumi na tisa sasa, na jimbo zima hakuna anayemjua Coolidge kama mimi. Nikauliza: alikula kiapo cha urais mara ngapi? Wote wakaandika mbili: 1923 kijijini kwao, rais aliyekuwapo alipofariki, baba yake akimwapisha kwa mwanga wa taa ya mafuta, na 1925 baada ya uchaguzi. Merle Tuttle peke yake kaandika tatu.

"Tatu?" nikamwambia. "Hicho kingine alikula na maharage?"

Ukumbi mzima ukacheka.

"Cheka, we kisiki," akasema. "Hicho kiti utakiachia."

Nikamkosesha. Akachukua kofia, akaondoka bila kuaga mtu. Sasa, sheria unaijua: mwuliza maswali akimkosesha mtu aliyepata, kiti anakitoa. Wewe uko maktaba. Nitafutie kitabu nimzibe mdomo mkutano wa Oktoba.

Baba yako

Boston, 23 Julai 1984

Baba mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti, na kuni ziache, nimeshasema mara mia.

Nimesoma vitabu vitatu. Bwana Merle amepata. Baba yake Coolidge alikuwa mthibitishaji wa hati wa kijijini tu, na serikalini wakatilia shaka kama kiapo chake kinamtosha rais. Mwezi uo huo wa kiapo cha kijijini, jaji akamwapisha upya Washington, hotelini, kimyakimya. Kurasa ninazo, nimezitia humu.

Binti yako, Thirza

Boston, 10 Septemba 1984

Baba,

Shikamoo. Wiki saba hujajibu. Nimempigia jirani simu, kasema u mzima, unapasua kuni kwa hasira. Kurasa zilifika?

Binti yako

Vermont, 8 Oktoba 1984

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Goti limetulia.

Zilifika. Nilizisoma siku nne, kwa kidole, neno moja moja. Nilikasirika. Baba mzazi amwapishe mwanawe nyumbani kwake, halafu mtu aseme haikutosha? Nilitaka kuzichoma. Nani angejua? Ila wewe ungejua. Hapo ndipo niliposhindwa.

Jumamosi nikaenda kwa Merle.

"Umekuja kunikosesha tena?"

"Vaa kofia twende mkutanoni, acha maneno."

Mbele ya watu nikampa kurasa azisome yeye, maana mimi ningekwama kwenye jina la jaji. Akasoma mpaka mwisho, hakunicheka. Nikainuka kitini. Wakasema, "Kaa, Elwin, yaishe." Nikawaambia sheria hiyo niliitunga mimi, na mimi si mtu wa kutunga ovyo.

Basi Merle ndiye mwuliza maswali. Mimi nikakaa safu ya mbele na penseli, kama mtoto wa shule. Maswali ishirini. Nimepata kumi na tisa. Aliyenifuata kapata kumi na manne. Lile moja lililonishinda sikuambii.

Baba yako